Salamu kwa Aliyetengwa

Eschenrode, juma la pili baada ya Pasaka, mwaka wa Bwana 1076

Kwako Gozbert, mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za masista wote, ambao bado wanakumbuka ulivyowamalizia asali ulipokuja mara ya mwisho. Mimi ni mzima. Mgongo unaniuma kwa kukaa langoni kwenye upepo, lakini Mama Mkuu Friderun amesema funguo zitabaki kwangu, kwa kuwa mimi silainiki kwa maneno ya wageni. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtawa.

Mama ametulia hapa monasterini tangu alipomwachia binamu yetu shamba. Macho yamekwisha kabisa. Anawajua watu kwa sauti na kwa harufu, na juzi alimwambia padre wetu mbele ya watu kwamba ananuka mbuzi, na kweli alikuwa ametoka kununua mbuzi. Tumempa chumba kilicho juu ya lango, maana kina moto, tena niko karibu naye. Kila akisikia kwato za farasi anauliza, "Ni Gozbert?" Namwambia bado.

Sasa lililonishikisha kalamu. Imetufikia habari kwamba Papa amemtenga mfalme na Kanisa, na pamoja naye maaskofu waliokutana majira ya baridi wakatia sahihi barua ya kumwambia Papa ashuke kitini. Wanasema chanzo ni pete na fimbo. Mfalme anataka kuendelea kuwapa maaskofu vitu hivyo kwa mkono wake, kama anavyogawa mashamba, na Papa anasema mkono wa kushika upanga usiguse vya madhabahuni. Mimi si mtu wa kuyapima hayo. Ila askofu wako alikuwepo, na wewe ndiye mwandishi wake. Barua ya askofu wako iliandikwa na nani?

Nijibu hilo, halafu ondoka kwake. Anayekula na aliyetengwa hutengwa pamoja naye, na sitaki Mama asikie jina lako likisomwa kanisani kwa namna hiyo.

Dada yako, Wiltrud


Mjini kwa askofu, baada ya Pentekoste, 1076

Kwako Dada Wiltrud, mwenye funguo na ulimi,

Nakusalimu sana, na unipigie magoti mbele ya Mama, umwambie mwanawe ananenepa. Samaki wa mto Rhine mwaka huu ni wengi, na mpishi wetu ana mkono mzuri. Kuhusu asali, nilikula nusu tu. Nusu nyingine aliila Sista Liutgard wa jikoni, muulize uone atakavyokwepa macho yako.

Umeniuliza mengi kwa mpigo. Nikueleze hali ilivyo. Hukumu ya Papa ilisomwa hapa mezani. Askofu aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, tumetengwa. Sasa nisogezeeni hao samaki." Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Baadaye nikampa mbwa wa askofu samaki wangu, nikanywa mvinyo.

Usidhani ni watu wabaya. Nilikuwepo siku askofu alipopewa fimbo. Mfalme alimwekea mkononi akasema, "Pokea kanisa," na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa baba yake mfalme alifanya vivyo hivyo, na babu yake. Leo tunaambiwa ni dhambi kubwa. Mtu anaamka asubuhi, anakuta jambo alilozoea limekuwa kosa. Mambo haya ni ya wakubwa, wakubwa watapatana. Mimi ni mwandishi tu, naandika ninachoambiwa.

Swali lako lile jingine tutaliongea tukionana.

Nikumbuke katika sala, kama bado inaruhusiwa.

Mdogo wako, Gozbert


Eschenrode, Sikukuu ya Msalaba, Septemba 1076

Habari za nyumbani.

Barua hii haikuandikiwa mtu. Nimeandika tu mambo ya hapa kwetu juu ya kipande cha ngozi, na kama mchuuzi wa chumvi ataibeba akaiangusha mlangoni kwa mtu fulani, mimi simo.

Mama Mkuu alitukusanya tukasomewa amri. Aliyetengwa hakai nasi mezani, haombewi hadharani, hapewi mkono, wala hasalimiwi. Anayemsalimu anaingia shimoni pamoja naye. Sista Liutgard aliuliza, "Hata kama ni ndugu?" Mama Mkuu akasema, "Hasa kama ni ndugu." Wote wakanitazama. Nilikuwa nimeshika funguo, nikazifunika kwa shela.

Nyuki wetu wamehama. Nafaka ya rai imevunwa kabla ya mvua. Mama alianguka kwenye ngazi mwezi wa Agosti, na tangu hapo hashuki. Kifua kinambana. Hajui lolote. Nimemwambia mwanawe yuko safarini Lombardia, ng'ambo ya milima, kwa kazi za askofu, na yeye amekuwa akiwaambia masista kwamba mwanawe anaijua njia ya milima yote. Ni mara yangu ya kwanza kumdanganya, nami naona sasa ninaweza sana.

Kuna mtu aliulizwa swali wakati wa Pasaka, akajibu habari za samaki. Anayekaa kimya anajua amekwisha kujibu. Ningependa kumwambia mtu huyo kwamba namwonea haya, kwamba kila wageni wanaposimulia mambo ya mfalme mimi nainama kufunga kiatu ambacho hakijafunguka.

Nimeisoma tena barua hii nikaona nimekusema wewe mwanzo hadi mwisho. Sina ngozi nyingine. Iende hivyo hivyo.

W.


Mjini, siku ya Mtakatifu Stefano, Desemba 1076

Dada Wiltrud mpenzi,

Nakusalimu kwa niaba yangu na yako, kwa kuwa wewe umekatazwa na mimi hakuna aliyenikataza. Msalimu Mama moyoni, kama ulimi hauwezi.

Mto Rhine umeganda. Mikokoteni inapita juu yake kama barabarani, na wazee wanasema hawajaona baridi ya namna hii. Nyumba ya askofu imebaki tupu. Yeye ametangulia milimani kumtafuta Papa apate kufunguliwa, na inasemekana mfalme naye ameondoka kimyakimya na mkewe na mtoto. Waliocheka mezani wametawanyika, kila mmoja na udhuru wake. Tumebaki mimi, mpishi, na mbwa wa askofu. Kinyozi amenifungia kibanda chake. Nimemgongea, akaniambia kwa ndani, "Bwana mwandishi, nenda salama, lakini usiniletee laana kwenye wembe." Sasa nina ndevu kama za yule mbuzi wa padre wenu.

Nakujibu swali lako. Niliandika mimi. Askofu alitamka maneno, na palipokuwa na neno la upole mimi nikatia la ukali. Sikuamriwa. Wakubwa walikuwa wakichungulia begani kwangu na kusema, "Kijana huyu ana kalamu!" Nikaongeza kali zaidi. Nilimtukana mzee ambaye sijawahi kumwona, aliyekaa kwenye kiti cha Petro, ili watu wanisifu. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta mwaka mzima. Sijui uso huu nitauweka wapi.

Nataka kuja kumwona Mama. Nitafika Sikukuu ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari, njia ikiruhusu. Dada, utanifungulia?

Gozbert


Eschenrode, siku ya Mamajusi, Januari 1077

Nimepata barua yako. Salamu sikupi, sina ruhusa.

Mama bado yupo. Anakula kidogo, anaongea sana na Baba kana kwamba Baba yuko hai. Kama unakuja, usichelewe.

Nimezungumza na Mama Mkuu. Padre wetu amepewa idhini na mjumbe wa Papa kuwarudisha wanaotubu. Njoo mbele ya lango bila viatu na bila kofia, umevaa shati tupu. Piga magoti, useme mbele ya watu wote watakaokuwepo, "Nimekosa kwa mkono wangu." Padre atakugusa kwa fimbo mabegani na kukuombea. Hapo nitafungua, na utapanda ngazi moja kwa moja mpaka kwa Mama.

Ukija na viatu, Gozbert, usinilazimishe kuchagua.

Wiltrud


Mjini, siku chache kabla ya Kwaresima, Februari 1077

Wiltrud,

Hujambo? Mimi nilirudi mjini salama, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto havina rangi nzuri. Barua hii inatoka kwa mtu mwenye hasira, na zaidi ya hasira ana aibu, usishangae ikipinda.

Nimelirudia lile tukio kichwani mpaka limechakaa. Naliandika ili nilitoe.

Sikujua kwamba Sikukuu ya Mishumaa kijiji kizima hupanda kwenu kubarikiwa mishumaa. Nilipofika niliwakuta wamesimama langoni, wake kwa waume, kila mtu na mshumaa wake. Mbele yao alikuwa Ezzo, yule aliyekuwa akichunga nguruwe wa Baba, ambaye nilikuwa namrushia matope nikiwa mtoto. Akaniona, akawaambia wenzake, "Tokeni njiani, mkubwa wa askofu anakuja kuvua soksi." Walicheka. Habari zilikuwa zimeshatembea.

Nikapiga mlango. Ukafungua kile kidirisha cha langoni.

"Umekuja na viatu," ukasema.

"Theluji iko magotini, Wiltrud."

"Nilikuandikia."

"Uliniandikia kama hakimu. Mama yuko wapi?"

"Yuko juu. Vua viatu, Gozbert."

"Mbele ya Ezzo?"

"Mbele ya yeyote. Ulipoandika ile barua hukuuliza nani anatazama."

"Acha mambo yako. Nitatubu ndani, kwa padre, faraghani. Nifungulie kwanza nimwone."

"Nikikufungulia hivyo, na mimi nimetengwa. Funguo hizi sitazishika tena."

"Kwa hiyo ni funguo."

Na mimi, Dada, nilikuwa nimeshainama. Mkono ulikuwa tayari kwenye kamba ya kiatu. Ezzo akasema, "Aanze na cha kulia." Nikasimama wima, nikavuta kanzu yangu vizuri, nikarudi kwenye farasi. Ningekuwa nimevua, ningekuwa juu kwa Mama kabla mishumaa haijawashwa.

Nilipokwisha kupanda, mkono ukatoka kidirishani na mkate. Niliurudia nikauchukua. Asante kwa mkate ule. Niliula njiani juu ya farasi, ukanitia nguvu, na nikajisemea kwamba dada yangu ni dada yangu, hata akinifungia.

Mama anaendeleaje? Je, alisikia? Niambie kwamba hakusikia.

Gozbert


Eschenrode, juma la pili la Kwaresima, Machi 1077

Kwako Gozbert, mdogo wangu mpenzi, mwana wa mama yangu,

Nakusalimu. Nakusalimu kwa salamu zote nilizokunyima tangu Septemba, na za masista, na za padre, na za Mama Mkuu, ambaye ameniagiza mwenyewe nikusalimu. Natumaini vidole vyako vimepona. Vipake mafuta ya bata bukini.

Mama amefariki. Ilikuwa siku ya pili baada ya Jumatano ya Majivu, asubuhi, mimi nikiwa nimemshika. Hakuteseka sana. Tumemzika upande wa jua, karibu na ukuta.

Ningetaka barua iishie hapo, lakini lazima nikuambie mawili.

La kwanza pengine unalijua. Mfalme amefunguliwa. Walipita wasafiri kutoka Lombardia, wakasema alisimama siku tatu kwenye theluji mbele ya ngome aliyokuwamo Papa, bila viatu, amevaa sufu tupu, mpaka Papa akamfungulia. Askofu wako naye amefunguliwa. Nikawauliza ni lini. Wakasema ni Januari, siku za kumkumbuka Mtakatifu Paulo alipoongoka. Hesabu mwenyewe. Uliposimama langoni kwangu, mfalme alikuwa ameshakula meza moja na Papa kama juma zima. Padre anasema kisheria wewe ulikuwa bado unahitaji kutubu. Mwache aseme. Jana watu wa mfalme wamepita hapa, na Mama Mkuu amewakaribisha, amewamwagia maji ya kunawa kwa mikono yake, na mimi nikawafungulia lango, na viatu vyao walikuwa wamevaa.

La pili ni hili. Umenishukuru kwa mkate.

Chumba cha Mama kiko juu ya lango, nilikwambia. Alisikia. Nilipofunga kidirisha alikuwa ananiita, nikapanda mbio.

"Nani huyo anayeongea?"

"Ni ombaomba, Mama."

"Sauti yake kama naijua."

"Wakati wa baridi ombaomba wote wana sauti moja."

Akasema, "Na wewe mbona unamkaripia? Mpe mkate. Mpe huu wangu." Ulikuwa kando ya moto, nilikuwa nimemwekea upate joto, na alikuwa hajala chochote tangu jana yake. Nikamwambia, "Mama, kula wewe." Akausukuma mpaka ukagusa mkono wangu. "Mtoto wa watu," akasema, "yuko nje."

Nilishuka nikautoa nje. Nisingeutoa mwenyewe, Gozbert. Nilikuwa nimekukasirikia mno, na nilikuwa naogopa Mama Mkuu asije akaona. Mkono uliouona ni wangu, lakini uliyekula kwake ni Mama. Kila jioni baada ya hapo aliniuliza kama yule ombaomba alipata mahali pa kulala, na kila jioni nikasema alipata.

Nilikuwa na ngazi moja tu ya kupanda ili nimwambie ni wewe. Naona aibu kuishika rozari ya mafundo aliyoniachia. Funguo nimezirudisha kwa Mama Mkuu, nimeomba kazi ya kufua.

Siku ya thelathini ya Mama tutaweka chakula kwenye nyumba ya wageni ya monasteri. Njoo. Njoo na viatu, njoo ulivyo. Tukae mimi na wewe tule pamoja. Jambo moja linanipa usingizi, kwamba chakula cha mwisho alichokitoa mkononi mwake kilikufikia wewe, hata kama hakujua. Walau hilo halikwenda bure.

Dada yako, Wiltrud


Nyumba ya wasafiri chini ya kilima cha Eschenrode, siku ya thelathini ya Mama, 1077

Kwako Dada Wiltrud,

Nakusalimu kwa heshima, na pole kwa msiba wetu. Vidole vimepona. Farasi ni yule yule.

Nimekuja, na wewe utakuwa umeshatandika meza. Nipo hapa chini tangu jana. Naiona paa yenu nikisimama mlangoni. Mwenye nyumba amekubali kupandisha barua hii, na amenitazama kama mtu asiye na akili timamu, kuandika barua kwa mtu aliye umbali wa kuitana kwa sauti. Sitaweza kukaa nawe mezani kabla hujasoma, na baada ya kusoma huenda wewe ndiye usitake. Uamuzi ni wako.

Nilikuandikia kwamba niliula mkate njiani. Niliandika hivyo ili upate kuona haya, ujue mimi nimekubali chako ingawa wewe umenikatalia. Unajua sasa nilivyo na kalamu.

Nilifika nao mpaka pale barabara inapokata kushoto, ambapo watu wa langoni hawawezi kuona tena. Nilijisemea, huyu hataki kula nami, basi na mimi sili chake. Nikautupa. Farasi aliuinamia, akaunusa, nikamvuta hatamu asiule, kwa kuwa sikutaka hata yeye apokee kitu chako.

Jana nilishuka pale nikatafuta. Najua ni upumbavu. Theluji imekwisha na majani yameota.

Ulikuwa bado wa moto, Dada. Nililisikia joto lake kupitia glavu, nikautupa.

Gozbert